Karakana ya Chumba cha Wageni

Sharja, Jumanne, 19 Januari 1993

Mdogo wangu Mewa Gul,

Asalaam aleikum. Daktari wa hapa alisema jana kwamba jicho langu la kulia halitaona tena. Alilisema kwa Kiarabu. Karani wake akanigeuzia kwa Kiurdu, "Mzee, hilo limekwisha," kisha akaita mgonjwa mwingine. Ilikuwa chembe ya chuma iliyoruka kutoka kwenye mashine ya kunolea. Miwani nilikuwa nimeiinua nifute jasho. Hapa ukimsomea Mama, sema miwani ilivunjika.

Kampuni imenihamishia getini. Malori yakija nafungua, yakipita nafunga. Mkataba wangu unakwisha mwezi wa sita na msimamizi ameshasema hawatauongeza. Kwa hiyo nyumba yetu inahitaji mtu mwenye kazi ya mkono, na mtu huyo ni wewe. Mimi bunduki nilikuwa nikiipima kwa jicho la kulia. La kushoto halijawahi kujifunza kitu.

Najua Mama anacheka hapo unapomsomea. Baba alikuwa akisema mikono yako iliumbwa ishike kikombe cha chai. Lakini fundi si lazima aunde bunduki mpya, na wewe nakukataza kabisa. Jabbar wa karibu na kisima alianza na mtutu wa kuunda mwenyewe, na jeneza lake ulilibeba wewe upande wa mbele. Anza na matengenezo: kitako kilichopasuka, kutu, skrubu zilizolegea, springi iliyochoka. Watu wa Kohat wanaowinda kware hawahitaji zaidi ya hapo.

Vifaa vya Baba vimo kwenye sanduku la bati. Nenda sokoni kwa fundi wa bunduki, Ustadh Pir Dost, mwambie mimi ndiye niliyekutuma, akupe kona ya duka lake. Kaa hapo, tazama mikono yake, usiseme sana.

Msalimu Tamash. Ni mtoto wa ami yetu na nyumba zetu zinatazamana, lakini tangu tumzike Baba sijapata salamu yake hata moja. Mwambie Yar Baz, mwanawe, nimemwekea saa ya mkono. Ina taa ndani.

Kaka yako,
Sherzamin


Darra, Jumatatu, 8 Februari 1993

Kaka yangu Sherzamin,

Waaleikum salaam. Mama amesema nianze na hili: siku barua yako ilipofika alijifunga mtandio juu ya jicho la kulia, akapika hivyo mpaka jioni. Nikamwambia, "Mama, utaungua." Akasema, "Nataka nijue mwanangu anaona nini." Mkate ulibabuka upande mmoja, tukaula.

Pole, kaka. Nimeandika maneno mengine hapa nikayafuta, yalikuwa ya bure.

Kwa Ustadh Pir Dost sikwenda. Tangu Baba atutoke, Mama hataki kubaki peke yake, na kutoka hapa hadi sokoni ni mwendo. Kwa hiyo nimefungua karakana nyumbani, katika chumba cha wageni. Usikasirike. Vitanda vya kamba nimevisimamisha ukutani, isipokuwa kimoja. Hicho ndicho nilichokifungia jiriwa ya Baba, ile ya kubania chuma. Jana nilibana chuma, nikaanza kupiga tupa, na kitanda kikaanza kutembea. Nilikifuata nikiwa bado nimeshika tupa, mpaka mlangoni. Mama alikuwa akipita na sinia la chai. Akasimama, akatazama, akasema, "Wenzako wana farasi, wewe una hicho."

Basi nifundishe kama unavyomfundisha mtu asiyejua chochote, maana ndivyo nilivyo. Meza iwe ya mti gani, na kimo gani? Tupa za Baba zote zimo ndani ya mfuko mmoja, zinasagana. Bisibisi zinateleza na kung'ata vichwa vya skrubu mpaka vinakuwa kama meno ya bibi. Na jana springi moja ilinirukia, sijaiona tena. Nimetambaa sakafu nzima kwa magoti.

Tamash ni mzima. Kazi imemzidi, ndiyo maana haandiki. Saa kaa nayo kwanza.

Mdogo wako,
Mewa Gul


Sharja, Jumamosi, 27 Februari 1993

Mdogo wangu Mewa Gul,

Barua yako niliisoma getini kabla ya kufuturu, mara mbili, kwa jicho lililobaki. Chumba cha wageni! Baba hakuruhusu hata baiskeli kulala humo. Wageni mnawalaza wapi? Mtu ateremke kutoka Tirah kwa miguu, akute springi kwenye mto wa kulalia? Ila umeshafanya, na kazi iliyoanza isisimame.

Kitanda kirudishe kwa wenzake. Zizini kuna boriti ya mforsadi iliyobaki tulipoezeka upya. Hiyo imekauka, haitapinda. Miguu ya meza izike kwenye sakafu, uishindilie kwa mawe. Kimo ni hiki: simama wima, kunja kiwiko, mdomo wa jiriwa ufike hapo. Ukiifunga chini zaidi mgongo utakudai, ukiifunga juu zaidi tupa itayumba. Jiriwa ikae juu ya mguu wa meza, si katikati ya ubao. Meno yake yavike ngozi, la sivyo kila bunduki itakayotoka kwako itakuwa imeumwa.

Tupa zitundike ukutani, kila moja na msumari wake. Iliyogusa shaba isiguse chuma tena. Bisibisi usiibebe kama ilivyotoka dukani: inoe ncha mpaka ijae ufa wa skrubu bila kucheza. Fundi mvivu anajulikana kwa vichwa vya skrubu. Sakafuni tandika shuka jeupe, springi ikiruka utaiona.

La muhimu zaidi: risasi haiingii chumbani. Weka chungu nje ya mlango, kila anayeleta bunduki aache humo alichonacho. Kisha ifungue mwenyewe, tazama ndani kwa jicho, hakikisha kwa kidole, hata kama mteja ameapa kwa mama yake kwamba ni tupu. Hasa akiapa kwa mama yake.

Ukuta wa kaskazini toboa dirisha. Mwanga wa kaskazini haubadiliki siku nzima wala hautupi kivuli juu ya kazi. Na mashine ya kutobolea usinunue, Tamash anayo ya mguu. Mwambie Yar Baz akubebee, kijana ana mabega.

Sababu yako ya kukaa nyumbani bado siielewi. Mama alikaa bila sisi miaka yote mimi na Baba tulipokuwa sokoni, na aliyekuwa akilalamika kuachwa ni wewe. Kama ni uvivu, sema.

Kaka yako,
Sherzamin


Darra, Jumapili, 21 Machi 1993

Kaka yangu Sherzamin,

Meza imesimama. Nimeikalia, nimeirukia, haitikisiki. Mama ameigonga kwa ngumi akasema sasa hata nyumba ikianguka meza itabaki. Tupa ziko kwenye misumari. Springi niliyokuwa nimeipoteza niliiona nilipotandika shuka. Ilikuwa ndani ya kiatu changu.

Dirisha sikutoboa. Ukuta wa kaskazini una nyufa, nikiugusa utaniangukia. Nawasha karabai mchana. Mashine ya Tamash pia sikuiomba, keekee ya mkono inatosha kwa sasa. Kuhusu wageni usiwe na shaka. Siku hizi hawalali.

Sasa habari yenyewe: nimepata mteja. Anaitwa Haji Sakhi Jan, wa Kohat, mzee mwenye ndevu za hina. Ana bunduki ya marisawa, mitutu miwili, mali ya baba yake. Alikuwa akimkimbiza kware, akateleza kwenye mwamba, akaangukia kitako cha bunduki, kikavunjika shingoni. Ustadh Pir Dost ana kazi nyingi mpaka baada ya Idi, ndiye aliyemwelekeza kwangu. Haji alipoingia akatazama karabai inawaka na nje ni adhuhuri. Akasema, "Kijana, jua la Darra limepanda bei?"

Mara ya kwanza gundi ilikataa. Mara ya pili nilipitisha kijiti cha mjozi ndani ya ufa kama nilivyokuona ukifanya, nikabana usiku kucha, nikasugua kwa msasa na mafuta. Haji alipitisha kidole hapo palipovunjika, akarudia tena. Hakusema kitu, na mzee yule husema kila kitu. Kaka, sijawahi kufanya jambo kwa mikono yangu mtu akanyamaza hivyo. Kwa mara ya kwanza niliona naweza kuwa mtu.

Kisha akasema, "Haya, nataka niisikie." Nikamwambia arudi mwezi ujao, mafuta yakauke.

Ndilo swali langu. Sokoni ni rahisi, fundi anatoka mlangoni anapiga kuelekea kilimani na hakuna anayegeuza shingo. Lakini anayefanya kazi nyumbani anapiga wapi? Nyumba ziko karibu. Je, nimwambie akapige mwenyewe huko Kohat? Au nimpe tu, aniamini? Nijibu kabla hajarudi. Nakuomba unijibu hilo hata kama hutajibu jingine.

Mdogo wako,
Mewa Gul


Sharja, Jumatano, 7 Aprili 1993

Mdogo wangu Mewa Gul,

Idi njema kwako na kwa Mama. Wenzangu wa chumbani walileta wali na mbuzi, tulikula juu ya gazeti.

Swali lako nimewasomea wakacheka mpaka mmoja akapaliwa: mtoto wa Darra anauliza bunduki ipigwe wapi. Mwenzetu Rahim Bad, ambaye kwao ni bonde la pili kutoka kwetu, hakucheka. Alitoka nje akavuta sigara. Nadhani alikumbuka nyumbani.

Jibu ni hili. Bunduki haitoki mikononi mwa fundi kabla haijalia. Ukimpa mtu bunduki ambayo hukuipiga, unamwambia kwamba wewe mwenyewe huiamini. Wala usimwachie mteja apige. Fundi ndiye hupiga, ili kama kuna kosa limpate mwenye kosa. Hivyo ndivyo Baba alivyofanya na hivyo ndivyo jina letu lilivyopata watu hadi Kohat. Haji akiondoka bila kuisikia, hatarudi, na atawaeleza wenzake kwa nini.

Panda juu ya paa. Uani usipige: kuta zinarudisha sauti, na majirani hawajui risasi imekwenda wapi. Juu ya paa kila mtu anakuona, wewe na mkono wako na unakoelekeza. Piga kelele, "Kazi! Kazi! Kazi!" kisha elekeza kilimani, juu ya nyumba ya Tamash, pale penye mwamba mwekundu. Baba alipoleta kazi nyumbani siku za mvua alipiga hapo hapo. Tamash atakohoa kikohozi chake kile, basi.

Kuhusu kitako, umefanya vizuri. Sikutegemea.

Kaka yako,
Sherzamin


Darra, Ijumaa, 30 Aprili 1993

Kaka yangu Sherzamin,

Malik wetu Gulab Din, mkuu wa wazee, ametangaza leo baada ya sala ya Ijumaa kwamba jiwe limevunjwa, na kwamba aliyelivunja ni mimi.

Wewe hujui ni jiwe gani, kwa hiyo nitaanza mwanzo, na Mama ameniruhusu.

Yar Baz amekufa. Nilimpiga risasi mimi, mwezi wa kumi, pale mfereji wa maji unapogawanyika. Baada ya kumzika Baba, Tamash alianza kuuvuta mfereji upande wake, kila wiki kidogo. Nilikwenda kuurudisha na jembe, bunduki begani. Yar Baz alinikuta, akapiga kwanza, akakosa. Mimi sikukosa. Alifia njiani kwenda Kohat. Tangu hapo sijatoka nje ya ukuta wetu, ila nikiitwa na wazee. Ndiyo sababu sikwenda kwa Ustadh, na ndiyo sababu sina dirisha: ukuta wa kaskazini ndio unaotazama nyumba yao. Wageni hawalali kwetu kwa sababu hakuna anayetaka kukutwa ndani siku hiyo ikifika.

Mwezi wa kwanza jirga, baraza la wazee, ilikaa, ikaweka jiwe la amani kati ya nyumba yetu na ya Tamash: bunduki isilie kutoka nyumba yoyote kati ya hizo mbili mpaka Idi ya Kuchinja ipite, kisha wazee wakae tena kutafuta suluhu. Malik alikuwa na matumaini. Tamash alikuwa ameanza kupokea chai yake.

Mama alinishika mkono akaniapisha nisikuandikie. Alisema, "Akijua atakuja, na nitazika wawili. Mmoja nimeshajizoeza." Watu wetu walioko huko aliwatumia ujumbe wanyamaze.

Haji alirudi Jumatatu. Nikamwomba aichukue bila kuisikia. Akasema, "Basi kaa nayo." Nikaisoma tena barua yako. Nikawaza: sokoni nusu ya mafundi wana mawe kati yao na wanapiga kutwa nzima, hakuna anayehesabu. Tamash mwenyewe anapiga mlangoni mwa duka lake kila siku. Mlio wa kazi ni kazi. Nikapanda juu ya paa. Nikapiga kelele "Kazi!" mara tatu. Nikaelekeza kwenye mwamba mwekundu.

Wanawake wa Tamash walikuwa uani wakianika mablanketi. Mama yake Yar Baz aliniona juu ya paa na bunduki. Alimfunika mkwewe kwa blanketi, akamlalia juu. Nilikuwa nimeshavuta.

Haji alisema, "Inalia vizuri," akaichukua, akaondoka kwa mlango wa nyuma.

Kwenye jirga nilisema ilikuwa kazi. Malik akaniuliza, "Duka lako liko wapi?" Nikasema, "Nyumbani." Akasema, "Basi ni nyumba iliyolia." Hakuna aliyebisha, hata upande wetu. Soko ni la wote, paa ni la mtu. Hilo nilitakiwa kulijua tangu utotoni, kaka, na nililijua, mpaka nilipopata kazi yangu ya kwanza.

Suluhu imekufa. Nyumba itachomwa, kama desturi ilivyo kwa anayevunja jiwe. Baada ya Idi jiwe litaondolewa, na Tamash atakuwa huru kunifuata. Tarehe bado. Usije. Mama anasema hivyo, nami nasema hivyo.

Mewa Gul


Sharja, Alhamisi, 13 Mei 1993

Kwa Malik Gulab Din, Darra

Asalaam aleikum, Malik sahibu.

Mimi ni Sherzamin, mwana wa marehemu Fundi Khanzada. Naandika ili barua hii isomwe mbele ya jirga, na Tamash Khan awepo.

Mlio uliovunja jiwe uliagizwa na mimi. Ndugu yangu aliniuliza apige wapi. Nilimjibu apande juu ya paa na aelekeze juu ya nyumba ya Tamash, kwenye mwamba mwekundu. Barua yangu ya tarehe 7 Aprili iko kwake, iombeni, muisome. Sikujua kwamba Yar Baz amekufa, wala sikujua kwamba kuna jiwe. Lakini agizo ni langu na ndugu yangu ni mdogo wangu, alitii.

Juu ya damu ya Yar Baz sina la kusema. Hiyo iko mahali pake. Naomba jirga iuondoe mlio kwa Mewa Gul na kuuweka kwangu, na nyumba ikichomwa ichomwe kwa jina langu. Jiwe lisiondolewe, libaki mahali pake, na mazungumzo ya suluhu yaendelee kama yalivyokuwa.

Tamash, mwanao nilimbeba mgongoni tulipovuka mto mwaka wa mafuriko. Unakumbuka.

Sherzamin


Darra, Alhamisi, 27 Mei 1993

Kwa Sherzamin, mwana wa Khanzada, Sharja

Waaleikum salaam.

Barua yako ilisomwa Jumanne mbele ya wazee wote, na barua ya tarehe 7 Aprili ilisomwa baada yake. Ndugu yako aliitoa mwenyewe.

Tamash Khan alisikiliza mpaka mwisho. Akaomba isomwe tena pale ulipoandika kwamba atakohoa. Ikasomwa. Akasema, "Mwanangu yumo kaburini, nao wanaandikiana kuhusu kikohozi changu." Nilimweleza kwamba hukujua. Akasema, "Sasa anajua. Na amesema mwenyewe kwamba aliagiza bunduki juu ya wanawake wangu."

Nilijitahidi. Nilikuwa na wazee watatu upande wangu. Lakini mtu anapokiri mbele ya jirga kwa mkono wake, jirga haina njia ya kujifanya haikusikia. Uamuzi ni huu: barua yako haikumwondoa ndugu yako, imekuongeza wewe. Tamash alikuwa akidai mmoja. Kuanzia jiwe litakapoondolewa, ana haki ya kulipiza kisasi kwenu nyote wawili, popote atakapowakuta nje ya soko na msikiti.

Kama ungeniuliza kabla ya kuandika, ningekuambia usiandike. Huko uliko uko mbali naye. Kaa huko kama unaweza.

Nyumba itachomwa Jumatano, tarehe 16 Juni, baada ya adhuhuri. Zizi limesamehewa. Jiwe litaondolewa kesho yake.

Malik Gulab Din


Darra, Jumamosi, 29 Mei 1993

Kaka,

Asubuhi Mama aliweka vikombe vitatu vya chai badala ya viwili, akavitazama, akakirudisha kimoja kabatini. Kisha akakitoa tena.

Malik anasema unaweza kukaa huko. Kaa. Tafuta geti jingine, uza chai, fagia msikiti. Nimejifungia humu tangu mwezi wa kumi, nimeshajua kuishi hivi.

Haji Sakhi Jan alimtuma mtu na kikapu cha nyanya na ujumbe: bunduki imeua kware wengi, kitako hakijatikisika. Na kwamba ana rafiki mwenye bunduki kama ile. Nimemjibu kwamba karakana imefungwa.

Mewa Gul


Sharja, Jumatano, 9 Juni 1993

Mdogo wangu Mewa Gul,

Barua hii inaletwa na Rahim Bad, anasafiri leo. Amenililia hapa chumbani, akisema alitaka kuniambia tangu Februari. Nimemwambia afunge mizigo yake.

Mkataba wangu umekwisha Jumamosi. Kibali cha kukaa kimekwenda nao. Nimezunguka makampuni manne, na kote walitazama jicho kabla ya kutazama karatasi. Kwa hiyo shauri la Malik halipo hata kama ningelitaka, na silitaki.

Sitakulaumu kwa kunificha, kwa sababu sina muda. Nitasema hivi tu: ungeniandikia neno moja, "Yar Baz," ningekujibu uizike ile bunduki na umwache Haji atukane. Na mimi kama ningekuuliza kwa nini karabai inawaka mchana, ningelijua. Niliona kila kitu ulichoandika nikakipita. Hilo si kosa la jicho.

Mama aende kwa kaka yake Kohat kabla ya Jumatatu. Akikataa, mwambie ni mimi nimeagiza. Akikataa tena, mbebe mpaka kwenye gari. Jiwe bado liko mahali pake na hakuna atakayekugusa barabarani.

Kisha ivunje karakana. Fuata mpangilio huu, usiharakishe. Kwanza jiriwa: tia mafuta kwenye boliti, ziache zinywe, zigeuze polepole, ukilazimisha zitakatika na Baba aliziunda kwa mkono. Tupa zifunge moja moja kwenye vipande vya lile shuka jeupe. Bisibisi ulizozinoa ziweke pamoja na keekee. Chungu cha mlangoni kimwage, hakikisha hakuna kitu kilichobaki ndani. Moto haujui kwamba risasi ni ya mteja. Vyote vipeleke sokoni kwa Ustadh Pir Dost. Mwambie si vya kuuza. Ampe mtu atakayeanza ufundi.

Meza iache. Miguu yake uliizika vizuri, haitatoka bila shoka, na kwa Jumatano ni kuni.

Mimi nitalala zizini na wewe. Nitakaa upande wako wa kushoto, maana mimi upande wangu wa kulia sioni.

Ndege inatua Peshawar Jumanne, tarehe 15, asubuhi. Usije kunipokea, nitapanda basi la Kohat niteremke mbele ya soko. Jumatano baada ya adhuhuri tutasimama pamoja nje nyumba ikiungua. Jiwe linaondolewa Alhamisi, tarehe 17 Juni, baada ya alfajiri.

Kaka yako,
Sherzamin